Ruta Moja Haitoshi Nyumba ya Zege

Katika nyumba nyingi kubwa za Goba, Mbweni, Kibada au kule Njiro, Arusha, kila mwanafamilia anajua mtandao unashika wapi. Huwa ni kona ya kochi iliyo karibu na televisheni, au vile vidato vya mwanzo vya ngazi za kupandia juu. Hapo ndipo mtoto wa kidato cha nne anapokaa kupakua mitihani ya miaka iliyopita, ndipo mama anaposimama kuongea kwa video na mdogo wake aliye Muscat, na ndipo mgeni anapoelekezwa hata kabla chai haijaletwa. Chumba cha bibi, kule mwisho wa korido, hakina kitu. Bibi ambaye magoti hayamruhusu tena kukaa sebuleni muda mrefu ndiye anayekosa kuwaona wajukuu walio mbali, na nyumba nzima imeshazoea.

Sioni kwa nini tuzoee. Nyumba iliyojengwa kwa mamilioni ya shilingi inaweza kupata mtandao katika kila chumba kwa fedha ndogo mno ukizilinganisha na zilizokwenda kwenye madirisha ya alumini au jipsamu ya sebuleni. Tunachokosa ni kuelewa jambo moja ambalo wauzaji hawana haraka ya kutuambia: kwa namna tunavyojenga sisi, Wi-Fi ya kutegemewa inatokana na waya. Mawimbi yapewe kazi ya mita chache za mwisho, kutoka darini hadi kwenye simu iliyo mkononi. Safari nyingine yote ifanywe na kebo iliyopita ukutani.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kujua tatizo liko wapi. Watu wengi mtandao ukisuasua chumbani hupiga simu kwenye kampuni, wanaambiwa wapandishe kifurushi, wanapandisha, na chumbani hali inabaki vilevile. Ni sawa na kuongeza simtanki la pili juu ya mnara wakati bomba linalokwenda bafuni limeziba. Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa kebo, upime kasi. Ukipata unacholipia, kampuni imetimiza wajibu wake na ugonjwa uko ndani ya nyumba. Ukikosa hata kwa kebo, ugonjwa uko nje, na hapo hakuna kifaa cha kununua dukani kitakachokusaidia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile hata mtu aliyekaa juu ya ruta yake hakupata kitu. Lakini siku kama hizo ni chache. Siku nyingine zote, aliye sebuleni anatazama video bila kukwama na aliye chumbani anatazama kiduara kikizunguka. Tofauti kati yao ni kuta.

Ruta nyingi za leo hurusha mawimbi kwa masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la kwanza lina urefu wa karibu sentimita 12 na nusu, la pili kama sentimita 6. Masafa ya 5 yana nafasi kubwa zaidi, hubeba data nyingi na hayana msongamano sana, ila kwenye tofali huchoka mapema. Yale ya 2.4 hupenya vizuri zaidi lakini ni finyu, na yamejaa kila kitu: ruta za majirani, spika za bluetooth, hata maikrowevu ya jikoni, ambayo nayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Zipo pia ruta mpya zenye masafa ya gigahezi 6. Hizo ni za chumba kimoja, kwa sababu kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mzito kwayo.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na namba zake ni hasi. Iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri. Ukiwa mbele ya ruta utasoma karibu hasi 40. Hasi 67 bado inatosha kwa simu ya video isiyokatika. Ukifika hasi 75 kurasa zinafunguka kwa kusitasita, na kwenye hasi 85 simu imeunganishwa kwa jina tu. Hesabu yake haina huruma: desibeli 3 zikipungua, nguvu imebaki nusu, 10 zikipungua, imebaki moja ya kumi, zikipungua 20, imebaki moja ya mia.

Sasa chukua nyumba ya ghorofa moja ya aina inayojengwa sana siku hizi. Chini kuna sebule, jiko, chumba cha kulia na chumba cha wageni. Juu kuna vyumba vinne. Kuta ni tofali za saruji za inchi 5 au 6, zimepigwa plasta pande zote mbili. Katikati kuna jamvi la zege la unene wa sentimita 15 lenye nondo zilizofumwa. Kisanduku cha faiba kimefungwa sebuleni, kwenye ukuta wa mbele, kwa kuwa ndiko waya kutoka nguzo ya barabarani ulikoingilia na fundi wa kampuni alitaka amalize awahi kwa mteja mwingine. Ruta ikakaa nyuma ya televisheni, kwenye kabati, pamoja na king'amuzi na redio.

Weka kwenye simu programu ya kupimia mawimbi, zipo za bure, kisha anza kutembea. Mbele ya televisheni, hasi 40. Ingia koridoni: umevuka ukuta mmoja, namba imeshuka karibu na hasi 55. Funga mlango wa mbao, hakibadiliki kitu cha maana. Mbao haina neno. Pita upande wa jikoni, jifiche nyuma ya friji, na utaona namba ikianguka, maana bati halipitishi mawimbi, huyarudisha yalikotoka. Kioo kikubwa cha kabati la nguo hufanya hivyohivyo kwa sababu ya ule mpako wa nyuma yake. Sasa panda juu. Jamvi peke yake linaweza kula desibeli 15 hadi 20, na chumba cha mwisho, kilicho mbali kabisa na sebule, kinasoma hasi 84 au hakisomi kabisa.

Jambo moja watu hulisahau katika matembezi haya. Mtu hutoka sebuleni akapita mlangoni, akafuata korido, akakata kona. Mawimbi mengi hayafuati njia hiyo. Hukata mshazari moja kwa moja kuelekea kwenye simu. Ukuta wa inchi 6 ukikatwa mshazari unakuwa wa inchi 9 au 10. Chumba ambacho kwa miguu kimetenganishwa na ruta kwa milango miwili, kwa mawimbi kinaweza kuwa nyuma ya kuta nne na zege juu yake.

Ndiyo maana maandishi ya kwenye boksi yanatupoteza. Boksi husema ruta hii inatosha nyumba ya vyumba vingapi au ya ukubwa gani, na sehemu kubwa ya soko lililolengwa ni nyumba za Marekani, ambazo nyingi zimejengwa kwa fremu za mbao na mbao za jipsamu. Ukuta wa namna hiyo hupunguza desibeli chache tu, 3 au 4. Wetu wa tofali za saruji zilizoshiba hupunguza mara kadhaa ya hizo, na kwa masafa ya 5 zaidi. Ruta yenye antena nane, inayofanana na buibui aliyepinduliwa, haibadilishi hali hiyo. Kuna mipaka ya kisheria ya nguvu ambayo kifaa cha Wi-Fi kinaruhusiwa kurusha, na hata kama mipaka isingekuwapo, mazungumzo ni ya pande mbili. Simu ina antena ndogo na betri ya kutunza. Ruta inaweza kusikika hadi getini, lakini simu ikijibu kutoka huko haisikiki, na mtumiaji anabaki anashangaa mbona alama zimejaa na hakuna kinachofunguka.

Kuna hatua moja isiyo na gharama kubwa, na inashangaza ni wangapi hawajaijaribu. Itoe ruta nyuma ya televisheni. Iweke katikati ya nyumba, juu ya usawa wa kichwa, mahali palipo wazi. Juu ya ngazi ndipo panapofaa mara nyingi, kwa kuwa tundu la ngazi ndiyo sehemu pekee isiyo na zege kati ya chini na juu. Kisanduku cha faiba kinaweza kubaki kilipo, na kebo moja ikaunganisha viwili hivyo. Na kama ruta ina antena za kuchezesha, zisisimame zote wima. Antena iliyosimama hurusha mawimbi kuzunguka ubavuni mwake, na juu ya ncha yake hapana kitu. Ilaze moja ili ghorofa ya juu nayo ipate haki yake. Kwa nyumba ya chini ya vyumba vitatu, hatua hii yaweza kutosha kabisa. Ukiwa na majirani wa karibu, ingia pia kwenye mipangilio na uchague chaneli ya 1, 6 au 11 kwa masafa ya 2.4, maana hizo tatu ndizo zisizoingiliana.

Kwa nyumba kubwa haitoshi, na hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Kifaa cha kwanza wanachouziwa ni ripita, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi. Kinachofanyika ndani yake ni hiki: kinasikiliza ruta, kisha kinarudia kilichosikia. Ripita ya bei nafuu hufanya kazi zote mbili kwenye chaneli ileile, na haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hupungua kufikia nusu palepale. Tena mtu huichomeka chumbani kule ambako mtandao haufiki, akitumaini itauvuta. Haivuti. Kinachofika kwake kikiwa dhaifu, kinachotoka ni udhaifu uleule wenye alama nyingi kwenye skrini.

Mifumo ya meshi, yale makopo mawili au matatu meupe yanayouzwa pamoja, ni bora kuliko ripita kwa mbali. Yanajua kupangiana njia, yanatumia jina moja la mtandao, na yale ya gharama huwa na redio ya tatu iliyotengwa kwa mazungumzo yao wenyewe. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta, ningeyapendekeza. Kopo la pili likae nusu ya njia, mahali ambapo ishara bado ni nzuri, lisikae ndani ya giza lenyewe. Hata hivyo makopo nayo huzungumza kwa mawimbi, na zege halijali kama anayepita ni simu au kopo la laki kadhaa. Yaunganishe kwa kebo, na utaona yakibadilika kuwa kitu kingine kabisa. Kila muuzaji mwaminifu anakujua kuunganisha huku, na kwenye vifaa vingi tundu la kebo lipo nyuma, halijawahi kuguswa.

Ipo na njia ya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme zilizomo ukutani tayari, kwa adapta mbili za kuchomeka kwenye soketi. Katika nyumba ya njia moja ya umeme hufanya kazi kwa kiasi chake. Nyumba nyingi kubwa, hasa zenye viyoyozi na pampu, zina umeme wa njia tatu, na soketi ya sebuleni inaweza kuwa kwenye njia moja na ya chumbani kwenye nyingine. Hapo adapta hazionani, au zinaonana kwa shida. Zijaribu kwanza kabla ya kuzilipia.

Turudi basi kwenye kebo, kwa kuwa ndiyo kiini cha habari. Kebo ya Cat5e, ambayo ndiyo ya chini ninayoweza kumshauri mtu, hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na Cat6 inaipita. Hakuna nyumba ya mtu binafsi Dar es Salaam inayohitaji mita 100 kutoka chumba hadi chumba. Ndani yake mna nyaya nane, zimesokotwa mbilimbili. Kwa gigabiti 1 zinahitajika zote nane. Fundi akibana vibaya hata mmoja, kebo inaweza kuendelea kufanya kazi lakini kasi ikashuka hadi megabiti 100, na hakuna taa nyekundu itakayowaka kumwambia mwenye nyumba. Kwa hiyo fundi asiye na kipimo cha kebo, kile kiboksi chenye taa nane zinazowaka kwa zamu, asiruhusiwe kuziba ukuta.

Ukienda Kariakoo kununua, utawekewa mbele maboksi mawili yanayofanana, yote yameandikwa Cat6, bei zikipishana sana. Ile ya bei ya chini mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kuigundua hakuhitaji mashine. Omba kipande, chuna plastiki, chukua wembe ukwangue waya mmoja. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ile nyingine inakuwa nyeupe mara tu ngozi ya juu inapoondoka. Ipinde mara kadhaa itakatika mapema, na boksi lake zima ni jepesi mkononi. Waya wa alumini una ukinzani mkubwa zaidi, hupata joto unapobeba umeme, na hukatika ndani ya ukuta pale fundi anapouvuta kwa nguvu kwenye kona. Kuokoa fedha kwenye kitu kitakachozikwa chini ya plasta kwa miaka ishirini ni kujiumiza.

Mwisho wa kila kebo hukaa kifaa kidogo cha duara, kinachofungwa darini kama taa. Mafundi hukiita akses pointi. Kazi yake ni moja tu, kurusha Wi-Fi, na kwa kuwa kipo darini hakina friji wala kabati mbele yake. Nyumba ya mfano wetu ingehitaji viwili, kimoja juu na kimoja chini, na cha tatu kama korido ni ndefu au chumba kikuu kimejitenga. Vyote vipewe jina moja la mtandao na nywila moja, na nguvu zao zipunguzwe. Wengi hushangazwa na hilo la kupunguza. Simu ndiyo inayoamua ihamie lini kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, na simu nyingi hung'ang'ania kile cha mwanzo hadi kikaribie kufa. Vifaa vikipiga kelele nyumba nzima, simu haihami. Vikitosheka na eneo lake kila kimoja, inahama bila mazungumzo kukatika.

Uzuri mwingine wa akses pointi ni umeme. Tangu 2003 kuna kanuni ya kimataifa ya kupitisha umeme kwenye kebo ileile ya mtandao, hadi wati 15.4 kwa kila kifaa. Darini hakuhitajiki soketi. Kebo zote hurudi kwenye kisanduku kimoja, stoo au chini ya ngazi, penye swichi inayogawa mtandao na umeme kwa pamoja. Na hapa kuna faida ambayo mkazi wa mji unaokatikiwa umeme ataielewa haraka: betri moja ya akiba ikiwekwa kwenye kisanduku hicho, nyumba nzima inabaki hewani. Kwa nyumba yenye ruta moja tu, viko vijibetri vya volti 12 ambavyo huishikilia ruta na kisanduku cha faiba kwa saa kadhaa. Angalia volti na ampea zilizoandikwa kwenye chaja zako ndipo ununue.

Wapo ambao kuta zao ni ngumu kuliko zetu za zege, na kwao hakuna suala la kuchimba. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka uliofuata. Nyumba za zamani za miji hii zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kufikia nusu mita na zaidi. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vilijengwa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine. Katika nyumba ya Lamu unatoka dakani, yaani baraza ya mlangoni, unaingia kiwandani, ule ua wa ndani ulio wazi juu, kisha unapita misana, vile vyumba virefu vya mbele, kisha ndani, na kila hatua ina ukuta wake mnene wa kulinda faragha ya wenyeji. Mpangilio uleule uliowasitiri watu macho ya wapita njia unayazuia na mawimbi. Mwenye nyumba ya wageni akiiweka ruta mezani pa mapokezi, mgeni aliyelala vyumba vya ndani hapati hata jina la mtandao.

Mafundi wanaozijua nyumba hizi hutumia kiwanda chenyewe. Milango na madirisha mengi huelekea hapo, hivyo akses pointi iliyofungwa chini ya ukingo wa kiwanda huingia vyumba vingi kupitia mianya, bila kupenya jiwe. Kwa vyumba vya nyuma, kebo hutambazwa pale boriti zinapokutana na ukuta, ndani ya kifuniko chembamba kilichopakwa chokaa, na hupita sakafu hadi sakafu kwenye matundu ambayo nyaya za umeme zilikwishapita. Nyundo wala patasi haigusi plasta ya kale. Adui aliyebaki ni chumvi. Upepo wa bahari huozesha vichwa vya kebo hadi vikawa na kutu ya kijani, na ambaye hajaacha kebo ya akiba kidogo nyuma ya kifaa, ya kukata na kubana upya, atalazimika kuivuta yote.

Nje ya nyumba kubwa kuna watu pia. Dada anayesaidia kazi za ndani na mlinzi aliye getini wana familia za kuongea nazo kama sisi, na kibanda cha nyuma ndicho cha mwisho kufikiriwa. Kamera za ulinzi zinazotegemea Wi-Fi nazo ziko huko. Kama kibanda kimejitenga na nyumba, ningeomba kebo ya shaba isizikwe kati ya majengo mawili bila kinga. Masika radi zikipiga karibu, waya huo huleta umeme ndani na kuunguza swichi, ruta na televisheni kwa mpigo. Kipande cha faiba kati ya majengo ndiyo njia salama, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, na vigeuzi vyake viwili si vya bei ya kutisha tena. Kebo yoyote inayokaa juani iwe ile nyeusi ya nje. Ya ndani hupasuka kwa jua. Mtandao wa wageni na wa kamera utenganishwe na ule wa kompyuta za nyumbani; ruta nyingi zina sehemu ya kufanya hivyo kwa dakika chache.

Aliye kwenye ujenzi sasa ana nafasi ambayo wengine tumeikosa. Kabla ya plasta, mwite fundi umeme umwambie aweke konduti ya milimita 25 kutoka kisanduku kimoja hadi katikati ya dari ya kila ghorofa, nyingine hadi nyuma ya televisheni, nyingine hadi mahali pa dawati, na moja ya kutokea nje kuelekea kibandani. Iwe ya kwake peke yake, isichanganywe na nyaya za umeme, na zinapokutana zivukane kwa msalaba. Kona ziwe za kupinda taratibu. Ndani ya kila konduti aache kamba ya kuvutia waya, hata kama fedha za kebo hazijapatikana. Konduti nyingine itoke kwenye kisanduku hadi ukuta wa nje unaotazama nguzo, ili fundi wa faiba atakapokuja asitoboe sebule bali aingie hapo. Anayetegemea ruta ya laini ya simu afanye vivyo hivyo kuelekea dirisha la juu linalotazama mnara, ruta ikae huko na kebo ilete mtandao katikati ya nyumba.

Kazi ikiisha, usilipe fungu la mwisho hapohapo. Kila kebo iwe na lebo pande zote mbili, na kila moja ipimwe mbele yako hadi isome gigabiti 1. Halafu chukua simu yako mwenyewe, funga mlango wa kila chumba, kaa pale watu watakapokaa kweli, kitandani na mezani, usome namba. Chumba kitakachokuwa dhaifu kuliko hasi 67, fundi asogeze kifaa kabla hajafunga boksi lake la vifaa.